Wiki Tatu na Swali la Gharama: Namna ya Kuchagua Njia ya Mapitio ya Haraka Katika Uchumi wa Afya

Ujumbe huja karibu kila mwezi, na mara nyingi huja usiku: "Shikamoo kaka, samahani kwa usumbufu. Idara inataka mapitio ya machapisho kuhusu gharama za huduma fulani, nimepewa wiki tatu. Nitumie njia gani?" Anayeuliza huwa mtumishi wa wizara au wa mfuko wa bima, au mwanafunzi wa uzamili aliyebebeshwa kazi na msimamizi wake. Tayari ameshapakua makala arobaini kutoka Google Scholar, hajui azifanyie nini, na ameshachoka. Nimejibu mara nyingi mno, sasa nimeona niandike.

Kanuni yangu ni hii: anayechagua njia ni yule atakayeitumia ripoti. Mwulize yeye kwanza, ndipo uangalie kalenda.

Mfano nitakaokwenda nao ni chanjo ya HPV, inayokinga saratani ya mlango wa kizazi. Tanzania ilianza kuitoa nchi nzima mwaka 2018 kwa dozi mbili. Desemba 2022 Shirika la Afya Duniani likakubali kwamba ratiba ya dozi moja inaweza kutumika kwa wasichana, na mwaka 2024 Tanzania ikahamia huko. Tujifanye tuko mwaka 2023 na mkurugenzi amekuuliza: "Dozi moja itatuokolea kiasi gani?"

Kabla hujaanza, uwe na vitu hivi

- Mtu wa pili, hata kama ni kwa saa mbili kwa siku. Peke yako utaweza, ila soma hatua ya 6 kwanza.
- Njia ya kupata makala kamili. PubMed, hifadhidata ya mtandaoni ya makala za tiba na afya, ni bure lakini mara nyingi inakupa muhtasari tu. Taasisi nyingi za umma zina Hinari, mpango wa Shirika la Afya Duniani ulioanza mwaka 2002, na nywila yake huwa kwa mkutubi. Mfuate, msalimie vizuri. Ni mtu utakayemhitaji tena.
- Zotero ya kutunzia marejeo na Rayyan ya kuchujia. Zote zinatumika bila kulipa.
- Lahajedwali la kawaida.
- Tarehe ya kikao na namba ya simu ya mtu atakayeamua.

Hatua ya 1: Jua ni swali gani la fedha unaloulizwa

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika, kwa hiyo usiharakishe. Neno "gharama" likitoka mdomoni mwa bosi linaweza kubeba maswali manne tofauti:

a) Huduma hii inagharimu kiasi gani kwa mtu mmoja?
b) Je, afya tunayoipata inalingana na fedha tunayotoa, tukilinganisha na njia nyingine?
c) Bajeti yetu itaubeba mzigo huu kwa miaka mitatu au mitano ijayo?
d) Familia inatoa kiasi gani mfukoni?

Kila swali lina machapisho yake. La kwanza linajibiwa na tafiti za kukokotoa gharama, la pili na tathmini za kiuchumi zinazotoa gharama kwa kila DALY iliyoepukwa (mwaka wa maisha yenye afya unaopotea kwa ugonjwa au kifo cha mapema) au QALY iliyopatikana (mwaka wa maisha yenye afya kamili), la tatu na uchambuzi wa athari za kibajeti, ambao mara nyingi hauko kwenye majarida bali kwenye kabati za wizara. La nne linajibiwa na tafiti za kaya. Ukichanganya mawili bila kujua, utasoma makala mia na hutajibu hata moja.

Kwenye mfano wetu, kwamba dozi moja ya chanjo ni nafuu kuliko mbili hakuhitaji mapitio yoyote. Nilipowahi kukaa na wakubwa wa aina hii, ilichukua dakika ishirini za maswali hadi hoja yenyewe ikajitokeza: kuifikisha sindano shuleni kunagharimu kiasi gani, na safari ya pili ikifutwa, fedha gani hasa inabaki? Hilo ni swali la a). Mapitio ya miundo ya kihisabati ya saratani yasingemsaidia kitu.

Uliza pia: "Ripoti ikisema ndiyo, utafanya nini? Ikisema hapana?" Majibu yakiwa yaleyale, mshauri kwa heshima kwamba mapitio hayahitajiki.

Hatua ya 2: Chungulia kwa nusu saa

Fungua PubMed, andika maneno matatu au manne, hesabu unachoona. Unatafuta mambo mawili tu: je, kuna mapitio ya kimfumo, yaani yaliyotafuta na kuchuja tafiti zote za swali moja kwa utaratibu ulioandikwa, yaliyofanyika miaka ya karibuni? Na je, tafiti zenyewe ni tano, hamsini, au mia tano? Usipakue kitu bado. Najua mkono unawasha.

Hatua ya 3: Chagua aina

Ukikuta mapitio ya kimfumo mazuri ya miaka mitatu iliyopita, usianze upya. Yahuishe: tumia mkakati wao wa utafutaji kuanzia tarehe waliyoishia. Kwa wiki tatu, hii ndiyo njia ninayoipendekeza kuliko zote, na ndiyo ambayo watu huiona kama ya kivivu.

Ukikuta mapitio kadhaa yanayogombana, fanya mapitio ya mapitio. Kazi yako hapo ni kueleza kwa nini yanatofautiana. Mara nyingi sababu ni moja kati ya hizi: bei ya dawa waliyoiweka, mtazamo wa gharama (zimehesabiwa gharama za nani: serikali, mgonjwa au jamii nzima), au kizingiti cha kusema "inafaa".

Ukikuta tafiti chache zilizotawanyika na swali halijakomaa, fanya mapitio ya upeo: unaonyesha kilichopo na kisichopo, hutoi hukumu.

Ukikuta tafiti kati ya kumi na sitini hivi, na swali lina mipaka, hapo ndipo mapitio ya haraka yenyewe yanapokaa. Hatua zinazofuata ni za hayo.

Uamuzi ukiwa mzito mno, kwa mfano kuingiza dawa ya bei kubwa kwenye kitita cha bima ya taifa, sema wazi kwamba wiki tatu hazitoshi. Afadhali ugomvi wa leo.

Hatua ya 4: Amua utakachokata, na ukiandike

Mapitio ya haraka ni mapitio ya kimfumo yaliyopunguzwa kwa makusudi. Ukipunguza bila kuandika, umefanya kazi mbovu tu yenye jina zuri.

Unaweza kukata bila hofu kubwa: idadi ya hifadhidata, kuwaandikia waandishi, lugha ambazo timu haisomi. Ila kama nchi yako inapakana na Burundi na Kongo, na swali linahusu mifumo inayofanana, Kifaransa usikiache kirahisi.

Miaka ikate kwenye tukio, si kwenye namba ya duara. "Miaka kumi iliyopita" haina sababu. Chanjo ya kwanza ya HPV iliidhinishwa mwaka 2006, na makala za kabla ya hapo zilikadiria kitu ambacho bado hakijaingia sokoni. Hiyo ni sababu.

Usikate: mwaka wa bei, mtazamo wa gharama, chanzo cha fedha za utafiti, na ukaguzi wa ubora. Mtu akikwambia ubora "tutauruka kwa sababu ya muda", mwambie aruke swali moja kati ya yale anayotaka kujibiwa.

Andika yote kwenye itifaki ya kurasa mbili. Isajili PROSPERO, sajili ya mtandaoni ya itifaki za mapitio, au iweke OSF, hifadhi ya wazi ya nyaraka za utafiti, yenye muhuri wa tarehe. Ni kazi ya mchana mmoja, na inakulinda mtu akija baadaye kusema ulichagua tafiti za kumpendeza bosi.

Hatua ya 5: Tafuta

PubMed inatosha kuwa nguzo. Embase, hifadhidata nyingine ya tiba, ongeza kama taasisi yako inailipia. Kwa tafiti za gharama kwa kila DALY, ingia kwenye sajili ya afya ya dunia ya Tufts, chuo kikuu cha Marekani. Machapisho yasiyo ya majarida yatafute kwa mkono: ripoti za wizara, katalogi ya bei ya Bohari ya Dawa, tovuti za taasisi za utafiti.

Onyo: miongozo ya zamani bado inakutuma NHS EED, hifadhidata ya tathmini za kiuchumi ya Chuo Kikuu cha York. Ilikuwa hazina, lakini haijaongezewa machapisho tangu 2015. Itumie kwa ya zamani tu.

Kwenye PubMed jenga mistari mitatu kisha iunganishe kwenye historia ya utafutaji:

#1: HPV OR papillomavirus
#2: vaccin* OR immuniz* OR immunis*
#3: cost OR costs OR costing OR economic* OR budget*
Kisha: #1 AND #2 AND #3

Utauliza kwa nini sikuandika cost* nikamaliza. Niliwahi kuandika. Nyota hiyo inakusanya kila neno linaloanza na herufi hizo, pamoja na mbavu za anatomia (costal) na nchi ya Costa Rica. Sasa, Costa Rica ndiko lilikofanyika mojawapo ya majaribio makubwa ya chanjo ya HPV, na ndiko hoja ya dozi moja ilikoanza kupata nguvu. Siku nzima nilikuwa nachuja makala nzuri sana zisizo na hata senti moja ndani.

Onyo la pili ni kubwa zaidi. Usiweke jina la nchi yako kama sharti la utafutaji. Miundo inayohusisha nchi hamsini au mia haitaji kila nchi kwenye muhtasari. Matokeo ya Tanzania au Kenya yamelala kwenye jedwali la kiambatisho, ukurasa wa mwisho kabisa. Tafuta bila nchi, chuja nchi kwa macho.

Na la tatu: programu za akili mnemba zitakupa orodha ya makala zenye majina ya kuvutia, na baadhi hazipo duniani. Zitumie kupata visawe vya maneno ya utafutaji. Makala usiyoifungua mwenyewe usiiweke kwenye ripoti.

Hatua ya 6: Chuja

Kwanza nyinyi wawili mchuje mihtasari ileile 30 hadi 50, mlinganishe, mrekebishe vigezo. Halafu fuateni utaratibu uliopendekezwa na kundi la mapitio ya haraka la Cochrane, mtandao wa kimataifa wa mapitio ya tafiti za afya: angalau asilimia 20 ya mihtasari isomwe na wote wawili, iliyobaki isomwe na mmoja, na wa pili apitie zile zilizotupwa.

Sababu ya kupitia zilizotupwa inapimika. Jaribio moja lililochapishwa mwaka 2020 lilionyesha kwamba mchujaji mmoja peke yake alikosa takribani asilimia 13 ya tafiti zilizostahili, wakati wawili walikosa chini ya asilimia 3. Kwenye uchumi wa afya, ambako utafiti mmoja wa nchi yako unaweza kubeba ripoti nzima, hiyo 13 inauma. Ukiwa peke yako, chuja leo, kisha pitia zilizotupwa baada ya siku mbili ukiwa na akili mpya. Na liandike hilo kwenye udhaifu wa ripoti.

Hatua ya 7: Jaza jedwali la taarifa

Safu wima zisizokosekana: nchi, mwaka wa utafiti, mwaka wa bei, sarafu, mtazamo, kinacholinganishwa, muda uliotazamwa, kiwango cha kupunguza thamani ya baadaye, gharama, matokeo ya kiafya, uwiano wa gharama ya ziada kwa manufaa ya ziada, kilichobadilisha jibu zaidi, mfadhili.

Ongeza moja ambayo wengi huisahau: gharama ni za kifedha au za kiuchumi? Utafiti wa gharama za kuwachanja wasichana wa shule mkoani Mwanza, uliochapishwa mwaka 2012, ulizitenganisha. Za kifedha ni fedha iliyotoka: posho, mafuta ya gari, matangazo. Za kiuchumi zinaongeza thamani ya vilivyotumika bila kulipiwa upya, kama muda wa muuguzi ambaye mshahara wake uko palepale. Ukizichanganya safu moja, huduma ileile itaonekana ghali hapa na rahisi pale, na mkurugenzi atakuuliza swali ambalo huna jibu lake. Yeye kwa bajeti anataka za kifedha. Wewe weka zote.

Hatua ya 8: Kagua ubora

Tumia orodha ya CHEC, yenye maswali 19. Inatosha kwa kazi ya haraka. Ile ya Drummond ina 35, na ile ya Philips ya kukagua miundo ni ndefu zaidi. Hiyo ya Philips itumie kwa tafiti mbili au tatu zitakazobeba hitimisho lako.

Kosa la kila siku: kutumia CHEERS kupima ubora. CHEERS, toleo la 2022 lenye vipengele 28, inaangalia kama mwandishi *ameripoti* mambo yanayotakiwa. Mtu anaweza kuripoti kwa unadhifu kabisa utafiti mbovu.

Hatua ya 9: Linganisha bei

Chukua gharama ya dola 5 kwa bei za Tanzania za mwaka 2013, unaitaka kwa mwaka 2018. Njia ya mkato ni kuipandisha kwa mfumuko wa bei wa Marekani, karibu asilimia 8, unapata kama dola 5.40. Sasa ifanye sawasawa. Mwaka 2013 dola ilikuwa karibu shilingi 1,600, hivyo gharama ilikuwa shilingi 8,000. Tuseme bei za ndani zilipanda asilimia 28 hadi 2018: shilingi 10,240. Dola mwaka huo ilikuwa karibu shilingi 2,260. Jibu ni dola 4.53.

Tofauti ya senti 87 kwa msichana mmoja. Zidisha kwa wasichana laki tano uone.

Kwa vitu vya ndani kama mishahara, posho na usafiri, anzia kwenye shilingi. Kwa kitu kinachonunuliwa nje kwa dola, kama chanjo yenyewe, baki kwenye dola. Makala ikikupa jumla tu bila mchanganuo, chagua njia moja na uitaje. Kuna kikokotoo cha bure cha mtandaoni cha CCEMG na EPPI-Centre kwa kazi hii, ila fanya mfano mmoja kwa mkono kwanza, ujue kinafanya nini.

Hatua ya 10: Unganisha bila kukadiria wastani

Usitafute wastani wa uwiano wa gharama na manufaa kutoka tafiti tofauti. Wastani wa Malawi, Thailand na Brazil hauko nchi yoyote. Toa upeo, wa chini kabisa hadi wa juu kabisa, kisha eleza kinachousukuma.

Kwa HPV, kama swali lako ni la b), kinachosukuma sana ni kupunguza thamani ya baadaye, yaani kuhesabu faida ya miaka ijayo kuwa ndogo kuliko ya leo. Unamchanja binti wa miaka 9 au 14, saratani unayoizuia ingekuja miongo mingi mbele. Kwa asilimia 3 kwa mwaka, miaka 100 ya uhai itakayookolewa miaka 40 kuanzia leo inahesabiwa kama 31 hivi. Utafiti usiopunguza chochote utaonekana bora mara tatu, chanjo ikiwa ileile. Kwa sababu hiyo angalia pia DALY zilizokokotolewa vipi. Tathmini ya dunia ya mzigo wa magonjwa ya mwaka 2010 iliacha kupunguza thamani na kuacha uzito wa umri, hivyo DALY za kabla na za baada si kipimo kimoja.

Kuhusu kizingiti, makala nyingi zitasema huduma "inafaa sana" kwa sababu iko chini ya pato la mtu mmoja kwa mwaka, au "inafaa" kwa kuwa chini ya mara tatu yake. Nakili namba, acha kivumishi. Kipimo hicho kimekosolewa sana, hata na wataalamu wa Shirika la Afya Duniani lenyewe, kwa kuwa hakisemi kama nchi inayo hiyo fedha.

Hatua ya 11: Andika

Mtindo wa 1-3-25 unafaa: ukurasa mmoja wa ujumbe, kurasa tatu za muhtasari, ishirini na tano za kazi nzima. Anza na ule mmoja. Mchoro wa PRISMA wa idadi ya makala uweke ndani, hakuna mkurugenzi anayeusoma.

Ukikwama

*Sijapata utafiti hata mmoja wa nchi yangu.* Panua hadi nchi zenye mfumo wa utoaji huduma unaofanana, usichague jirani wa ramani tu. Kisha badilisha bei kubwa mbili au tatu kwa zako na useme umefanya hivyo.

*Nimepata makala elfu tatu.* Swali lako bado ni mawili. Rudi hatua ya 1.

*Makala haitaji mwaka wa bei.* Angalia kiambatisho. Usipouona, chukua mwaka mmoja au miwili kabla ya kuchapishwa, na uweke alama kwenye kila namba ulivyokadiria. Mimi kwenye kazi yangu ya kwanza sikuweka alama, na mtu mmoja kikaoni akauliza juu ya namba hiyohiyo. Nilikunywa maji mengi siku ile.

*Makala kamili ni ya kulipia, na hakuna wa kuilipia.* Jaribu PubMed Central, kisha mkutubi, kisha mwandikie mwandishi barua pepe ya mistari mitatu. Wengi hujibu.

*Mimi na mwenzangu hatukubaliani kuhusu utafiti mmoja.* Ingizeni, kisha muonyeshe matokeo yakiwa nao na yakiwa bila huo.

*Bosi anataka namba moja.* Mpe ile ya utafiti unaofanana zaidi na hali yenu, na pembeni yake, sentensi hiyohiyo, ya chini na ya juu. Usizitenganishe kwa aya mbili, ya pili haitasomwa.

*Kikao kimeletwa mapema kwa wiki nzima, nimefika hatua ya 7.* Simamisha kusoma makala mpya. Chukua tafiti ulizokwisha kuzijaza, kagua ubora wa zile tatu muhimu, peleka ukurasa mmoja na jedwali. Juu andika tarehe, idadi ya makala ambazo bado hazijasomwa, na neno RASIMU kwa herufi kubwa.